Nahodha Hafagii

Kahigi alikuwa fundi wa sakafu. Nyumba nyingi za Nkwenda ambazo mgeni akiingia anavua viatu bila kuambiwa zilipita mikononi mwake. Kazi yake aliifanya kwa magoti. Mwiko mkononi, ndoo ya niru pembeni, ule uji wa saruji tupu unaopakwa juu kabisa, akirudi nyuma pole pole hadi mlangoni, na mbele yake sakafu imetulia inang'aa. Shemeji yake Byaruhanga, kaka wa mkewe, alikuwa mfugaji wa ng'ombe, mrefu, mtu wa kofia na fimbo, na hakuchoka kumtania.

"Shemeji," alikuwa akisema kila wakikutana, "mimi hupiga magoti kanisani tu. Wewe unaipigia magoti saruji."

Mwezi wa pili mwaka huu Kahigi alipata kazi ya kuziba nyufa kwenye sebule ya gesti moja pale mjini. Televisheni ilikuwa imewashwa, inaonyesha michezo ya baridi kutoka Ulaya. Alikuwa hatazami. Kisha akaona wanaume wanne kwenye barafu, mmoja anasukuma jiwe la duara lenye mkono kama wa pasi, wawili wanakimbia mbele yake na fagio, wanafagia kama watu wanaosubiri ugeni wa askofu. Saruji ikamkaukia kwenye mwiko.

"Wanafanya nini hawa?" alimwuliza Joviness, dada wa mapokezi.

Joviness alisikiliza Kiingereza cha mtangazaji. "Jiwe linatakiwa lisimame katikati ya ile duara. Wakifagia linakwenda mbali zaidi."

Baadaye wakaonyesha filamu ya zamani, nyeusi na nyeupe. Wanaume wenye tai na makoti mazito, fagio kubwa za majani mikononi, wanapiga barafu kwa nguvu, watu wamejaa hadi kwenye paa.

"Anasema hao ni wakulima wa ngano huko Kanada," Joviness alisema. "Miaka ya hamsini. Wamemaliza kuvuna, wakapanda treni, wakaenda kugombea ubingwa wa taifa. Wanaume tu."

Kahigi aliangalia nyuso zile. Wanene, wafupi, mmoja kipara. Hakuna aliyekuwa na mwili wa michezo. Walikuwa wakulima waliokuwa na fagio na sehemu laini ya kuchezea, basi. Barafu yeye hakuwa nayo. Lakini sehemu laini, alijiambia, hilo ni jambo dogo.

Wakati huo Cleophace, mnunuzi wa mazao mkubwa wa Nkwenda, alikuwa anajenga ukumbi wa harusi na mikutano, na sakafu alikuwa amempa Kahigi. Kahigi aliipiga niru kwa siku kumi na moja. Upande wa jukwaa aliweka duara tatu, nyekundu, nyeupe na nyekundu tena, moja ndani ya nyingine, na mstari mwembamba mweusi ukipita katikati yake kutoka ukuta hadi ukuta.

"Hizi za nini?" Cleophace aliuliza.

"Maharusi watasimama hapo," Kahigi alijibu, na hakuwa amedanganya kabisa.

Mawe ndiyo yaliyomsumbua. Zege juu ya saruji linakwaruza, halitelezi. Alijaribu plastiki, alijaribu bati. Mwishoni akachukua sufuria ya jikoni kwake, akaijaza zege, akachomeka kipande cha nondo alichokipinda kuwa mshikio, akaacha ikauke siku nne. Akamwaga maji ya sabuni ukumbini, akaiweka sufuria chini, akaisukuma. Ilikwenda bila sauti, ikavuka ukumbi mzima, ikagonga ukuta wa jukwaa. Kahigi alikaa chini pale pale kwenye sabuni, akacheka peke yake.

Mkewe Auleria hakucheka. Alirudi kutoka shambani, akatafuta chombo cha kuchemshia maharage, akakikuta uani kimejaa zege.

"Baba Jenifa," alisema, "hiki ni nini?"

"Ni jiwe."

"Asubuhi kilikuwa sufuria."

Kwa siku nne Kahigi alikula ndizi za kuchoma, kwa sababu, alivyoeleza Auleria kwa utulivu, za kupika zinahitaji chombo. Siku ya tano Auleria alikwenda ukumbini kumwona mumewe anafanya wazimu gani. Akaombwa asukume mara moja. Akasukuma. Sufuria ikasimama kwenye duara nyekundu ya ndani. Auleria akaenda nyumbani akaleta ile sufuria ndogo ya chai. Haikufaa, lakini Kahigi alijua amesamehewa.

Mchezo una jina lake la kigeni, kaling, ila Nkwenda hakuna aliyelitumia zaidi ya siku mbili. Uliitwa sufuria. Watu waliulizana sokoni, "Leo unacheza sufuria?" na mafundi, wapakia magunia na wauza mbolea wakawa wanaishia ukumbini kila alasiri, suruali zimekunjwa hadi magotini, miguu mitupu. Habari zikafika Kaisho, wakulima wa kahawa wakaunda timu. Zikafika Karagwe, bodaboda wa Nyakahanga wakaunda yao. Sufuria zikaanza kupotea kwenye majiko ya wilaya mbili.

Cleophace, aliyekasirika siku moja tu kuhusu zile duara, ndiye aliyeamua kuwe na mashindano. Aliona ukumbi wake utajulikana kabla hata haujawekwa madirisha. Akaandikisha bango la kitambaa: UBINGWA WA TAIFA, WANAUME. Mwamuzi alikuwa Mwalimu Anonciata, anayefundisha hesabu shule ya msingi, na alisimama chini ya bango akilisoma mara mbili.

"Taifa, Bwana Cleophace?"

"Mwalimu, kuna wengine Tanzania wanaocheza sufuria?"

Anonciata alitoa simu, akatafuta kwa muda mrefu. "Sijaona," alikiri.

"Basi taifa ndilo sisi."

Ilibaki timu ya nne. Kahigi alipanda pikipiki akaenda malishoni kwa shemeji yake. Alimkuta amesimama kati ya ng'ombe wake, fimbo mabegani, akamweleza kila kitu. Byaruhanga alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo nishike omweyo," alisema, akiutaja ufagio kwa Kinyambo ili ubaya wake uonekane vizuri, "nifagie mbele ya watu. Mbele ya mama yangu."

"Nahodha hafagii, shemeji. Nahodha husimama kwenye duara, anaelekeza tu."

Byaruhanga aliwaza. Kusimama mahali na kuelekeza kwa fimbo ilikuwa kazi aliyoifanya tangu ana miaka sita.

"Hafagii kabisa?"

"Hafagii."

"Tutakuja," alisema.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba watu walianza kufika Nkwenda saa mbili asubuhi. Ilikuwa siku ya soko, na wanawake waliokuja kuuza ndizi na maharage waliweka mizigo yao nje ya ukumbi, wakaingia kuangalia kidogo. Hawakutoka tena. Byaruhanga alifika na wachungaji wake watatu, mkewe Komujuni, na mama yake, Mama Eugenia, bibi wa miaka themanini na mbili aliyevaa gauni la kanisani. Walimwekea kiti mbele kabisa. Kahigi alimsalimia kutoka mbali, macho chini, kama alivyomsalimia mama mkwe wake kwa miaka ishirini na sita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hizo ndizo sufuria zenyewe?"

"Ndizo, mama."

"Zimeharibika," alisema Mama Eugenia.

Mwalimu Anonciata alipuliza kipenga akasoma kanuni. Kila timu watu wanne, sufuria nne. Anayesukuma asivuke mstari wa mlangoni. Wawili wanafagia maji ya sabuni mbele ya sufuria ili iende mbali, wasiiguse. Iliyo karibu zaidi na katikati ndiyo yenye pointi. "Na mwisho," alisoma, "sufuria ikishavuka ule mstari mweusi wa katikati ya duara, nahodha wa timu pinzani anaruhusiwa kuifagia ili ipitilize." Wengi hawakusikia, kwa sababu mtu wa Kaisho alikuwa ameshaanguka.

Mechi ya kwanza ilikuwa Nkwenda na Kaisho. Elpidius, nahodha wa Kaisho, mwimbaji wa besi kwaya ya kwao, alikuwa na nguvu asizojua azipeleke wapi. Sufuria yake ya kwanza iligonga ukuta ikarudi nusu ya njia. Ya pili ilipinda, ikatoka mlango wa pembeni, ikashuka ngazi tatu, ikaingia katikati ya maharage yaliyoanikwa kwenye turubai. Watu wote walitoka nje kuitazama. Anonciata naye alitoka, akainama, akaichunguza.

"Nje," alisema.

"Hata mimi naona ni nje, Mwalimu," alisema Elpidius, na kicheko kikamshika hadi timu yake ikamaliza mechi bila nahodha.

Lakini kilichowamaliza watu zaidi ni kufagia. Wanawake wa soko walikuwa hawajawahi kuona wanaume wazima wameshika fagio kwa hiari yao. Mwanzoni walicheka tu. Baadaye wakaanza kusahihisha.

"Baba, pale umeacha."

"Usiubane hivyo, unafagia au unachimba?"

"Lameck, mbona nyumbani hujui hilo?"

Lameck, mchungaji wa Byaruhanga, alijibu bila kuinua kichwa, "Nyumbani hakuna ubingwa," na mkewe akasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima kwamba kuanzia Jumatatu utakuwepo.

Nyakahanga waliteleza wote wanne kwenye sufuria yao ya kwanza. Aliyesukuma alianguka, mfagiaji akajikwaa kwake, wa pili akamwangukia huyo, na nahodha aliyekimbia kuwasaidia akapita juu ya tumbo lake kutoka duara hadi mlangoni, akasimama mbele ya miguu ya Mama Eugenia.

"Shikamoo, bibi," alisema akiwa chini.

"Marahaba, mwanangu. Unatoka wapi?"

"Nyakahanga."

"Umefika," alisema bibi.

Wachungaji waliwashinda kwa pointi sita. Byaruhanga hakulowana hata kidole. Alisimama nyuma ya duara, kofia imenyooka, akinyoosha fimbo kushoto au kulia, na wachungaji wake, waliozoea kuisoma fimbo ile kutoka mlima wa pili, hawakukosea hata mara moja. Hivyo saa nane mchana fainali ikawa Nkwenda na Malishoni, Kahigi na shemeji yake.

Walicheza mizunguko mitatu. Wa kwanza Nkwenda, wa pili Malishoni. Katika wa tatu, sufuria saba zilipokwisha kusukumwa, ya Byaruhanga ilikuwa imesimama shubiri moja nyuma ya kitovu cha duara, na mbele yake sufuria mbili zimeziba njia kama geti. Ilibaki moja, ya Kahigi.

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi madirishani, ambako watoto walikuwa wamekaa kwenye matundu. Kahigi alipiga magoti mlangoni. Ghafla hakusikia kelele. Alikuwa mahali pake, kwa mkao wake, akiitazama sakafu kwa usawa wa jicho kama alivyoitazama kwa siku kumi na moja. Na alijua jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Sakafu yoyote ya fundi mzuri haiwi sawa kabisa. Huwekewa mteremko mdogo, unene wa ukucha, ili maji ya kupigia deki yakimbilie mlango wa pembeni. Ndio mteremko ulioipeleka sufuria ya Elpidius kwenye maharage.

Aliielekeza sufuria upande wa kushoto, mbali na duara, karibu na ukuta.

"Shemeji amechoka," Byaruhanga alisema. "Anaelekea Uganda."

Kahigi aliiachia. Ilikwenda pole pole, ikielea juu ya povu, na mafundi wenzake wawili wakafagia mbele yake. Ikapita sufuria za geti kwa mbali. Halafu ikaanza kurudi. Ilijipinda kulia kidogo kidogo, bila haraka, na watu walionyamaza kwa huruma wakaanza kunung'unika, kisha kusimama. Ikazunguka geti. Ikaingia duara ya nje.

"Acheni," Kahigi aliwaambia wafagiaji. "Acheni, iko sawa."

Iliingia duara ya ndani. Auleria alimshika mkono Komujuni, wifi yake, akaubana. Pua ya sufuria ikavuka mstari mweusi, na ilikuwa wazi kwa kila mwenye macho kwamba ingekufa pale pale, juu ya kitovu.

"Imevuka mstari," alisema Mwalimu Anonciata.

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayemkumbusha mwanafunzi kanuni. Byaruhanga alimtazama. Akaitazama sufuria. Akamtazama mama yake kwenye kiti. Halafu fimbo ilisikika ikianguka sakafuni, na Byaruhanga akaunyakua ufagio wa Lameck, akainama, na kwa mara ya kwanza katika miaka hamsini na saba ya maisha yake akafagia.

Alifagia vibaya sana. Alifagia kwa mikono yote miwili, mgongo juu, povu likimrukia usoni. Kofia ilidondoka, akaikanyaga. Komujuni alijifunika macho kwa kitenge, kisha akafunua jicho moja. Sufuria ikatambaa, ikasita, ikatambaa tena, ikakipita kitovu kwa kiganja kimoja, viwili, vitatu, na Byaruhanga akipumua kama anayevuta ndama kisimani, hadi iliposimama.

Anonciata alipiga goti na tepu, akapima sufuria moja, akapima nyingine, akarudia zote mbili.

"Ya Malishoni iko karibu zaidi kwa sentimita nne," alisema. "Malishoni ndio mabingwa wa taifa."

Kelele iliyofuata ilisikika hadi kwa wauza samaki. Wachungaji walimwinua Byaruhanga, wakamwangusha, wakamwinua tena. Alikuwa ameloa kuanzia nywele hadi nyayo na bado ameshika ufagio, anauangalia kama kitu alichookota. Kahigi alibaki kwenye magoti yake pale mlangoni. Alijisikiliza kama anasikitika, akakuta ni kicheko kinapanda. Sakafu ilikuwa laini kupita alivyokusudia. Yeye ndiye aliyeifanya hivyo, na hakuna sentimita nne zilizowahi kumfurahisha namna ile. Alicheka hadi akalazimika kushika fremu ya mlango.

Byaruhanga alikuja akampa mkono kumwinua. "Ulisema nahodha hafagii."

"Sufuria yake haifagii," Kahigi alisema. "Ya mpinzani sikuisemea."

"Sakafu hii, shemeji." Byaruhanga alitafuta neno, akiangalia chini. "Kumbe inakwenda yenyewe."

Ilikuwa mara ya kwanza Kahigi kumsikia akiisifu kazi yake.

Cleophace alitoa kombe. Lilikuwa sufuria mpya kabisa, kubwa, yenye mfuniko. Byaruhanga aliipokea kwa mikono miwili, akaiinua juu ili watu waone. Auleria alivuka ukumbi akiteleza kidogo, akasimama mbele ya kaka yake, akaichukua mikononi mwake, akarudi nayo alikotoka. Wanawake wa soko walipiga vigelegele hadi Anonciata akapuliza kipenga, akasema mashindano yamefungwa rasmi.

Hapo ndipo hakuna aliyeweza kuwazuia watu. Aliyeanza alikuwa Elpidius. Alikimbia kutoka mlangoni, akakaa chini, akapita ukumbi mzima kwa makalio akiimba besi. Wakamfuata bodaboda. Wakafuata wanawake, kanga zimefungwa vizuri, wawili wawili wameshikana mikono. Cleophace alisema kwa nguvu kwamba ukumbi bado mpya, kisha akavua viatu. Kahigi alisimama ukutani. Kwa miaka yote ya ufundi wake watu walikuwa wamekanyaga kazi zake bila kuangalia chini, na leo walikuwa wamezilalia kifudifudi.

"Na mimi je?" ilisikika sauti.

Ni Mama Eugenia. Alikuwa amesimama, ameshavua viatu vyake vya kanisani na kuviweka chini ya kiti.

"Mama, utaanguka," Byaruhanga alisema.

"Nitakaa. Leteni gunia. Wewe," alisema, akimnyooshea Kahigi kidole, "ndiye mwenye sakafu. Utanisukuma wewe."

Kahigi alimtazama Auleria, Auleria akatazama dari. Gunia la kahawa likaletwa, bibi akakalishwa juu yake, miguu imenyooshwa, gauni limebanwa magotini. Watu wakarudi kwenye kuta. Kahigi alipiga magoti nyuma ya mama mkwe wake, ambaye hakuwahi kumkaribia kwa hatua kumi, akaweka viganja mgongoni mwake kwa woga wa mtu anayegusa niru mbichi, akamsukuma.

Alikwenda. Mikono imepakatwa, kidevu juu, hatazami pembeni, alipita katikati ya watu wa wilaya mbili. Karibu na duara mwendo ukaanza kupungua.

"Mbona mmesimama?" alisema. "Fagieni."

Kahigi na Byaruhanga wakakimbia na fagio, mmoja kulia, mmoja kushoto, wakateleza, wakainuka, wakafagia. Gunia lilisimama kwenye duara ya nje. Mama Eugenia aliangalia kitovu, akaangalia alipokaa, akakadiria.

"Hiyo haihesabiki," alisema. "Mmechelewa kufagia. Nirudisheni mlangoni."